Mama Bado Akabidhi Koleo

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi, mpishi mkuu wa jiko la uani la nyumba yetu ya wageni anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye mafaili analijua karani peke yake. Sisi wengine, pamoja na wageni wa vyumba vyote ishirini na viwili, tunamwita Mama Bado, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila anayeuliza kama nyama imeiva.

Ieleweke kwamba hakuajiriwa kupika. Aliajiriwa kufua. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akianika mashuka nyuma ya nyumba, huku mpishi wa wakati ule akitupa nyama juu ya mkaa ambao bado una ndimi za moto. Mafuta yalidondoka, moshi mweusi ukapanda moja kwa moja hadi kwenye kamba. Siku aliyofua mashuka yale yale mara ya tatu, Mama Bado alifika uani akiwa amefura, akampokonya mpishi koleo la kugeuzia nyama, na hajalirudisha mpaka leo.

Sheria zake ni chache na hazina rufaa. Mkaa unarundikwa juu ya karatasi na vijiti vikavu, ukishashika moto unaachwa. Hupepei kwa fujo, huchokonoi, huulizi. Nyama haisogei karibu na wavu mpaka makaa yavae jivu jeupe. Hapo yanasukumwa upande mmoja, ili upande wa pili nyama ipate pa kupumzikia. Kwamba haraka haraka haina baraka tulisoma shuleni, lakini yeye alitufundisha kwa njaa.

Kuna harusi moja mvua ilishuka makaa yakiwa yamekolea. Mama Bado aliamuru gari la meneja litolewe bandani, wajomba wa bibi harusi wakalisukuma wakiwa na suti zao, na jiko likaingia mahali pake. Gari lilinyeshewa, kuku hawakunyeshewa. Meneja alilalamika mpaka alipoletewa paja.

Sasa tuje kwenye aibu ya mwandishi wa maneno haya, ambaye ni msaidizi wake. Mwaka jana Mama Bado alienda likizo ya wiki moja, nami nikaona subira ni ya wazee. Nikamwagia mkaa mafuta ya taa, ukawaka mara moja kwa mbwembwe, nikapanga kuku papo hapo. Mgeni wa chumba namba tisa aliuliza kwa upole kama kuku huyo alifugwa ndani ya taa. Meneja alimaliza sahani yake kwa heshima, akacheua mafuta ya taa hadi jioni, nasi tukakataza mtu yeyote kuwasha kiberiti karibu naye.

Baada ya hapo meneja alianza kupima uani nafasi ya jiko la gesi. Mama Bado aliporudi alimwomba jambo moja tu: kama hatapata mrithi kabla ya kustaafu, jiko la mkaa ling'olewe, lakini apewe muda wa kujaribu. Kwa miezi mitano nimewasha moto kila asubuhi, na kila asubuhi nimeambiwa bado. Nilishaanza kulichukia neno lenyewe.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na wageni arobaini. Niliwasha, nikasubiri, nikapanga nyama, huku Mama Bado amesimama nyuma yangu bila kusema bado. Kisha akanikabidhi koleo lake, akavuta kiti cha plastiki, akaketi. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona ameketi jiko likiwa na moto. Akala paja la kuku hadi mfupa, akanyoosha sahani aongezwe. Dada wa mapokezi alipiga vigelegele hadi wageni wakatoka vyumbani, na meneja akaikunja tepu yake ya kupimia. Mimi nilikimbilia stoo kulia, nikasingizia moshi. Hakuna aliyeniamini, maana moshi haukuwepo.

Mama yetu, ahsante kwa kila mlo uliotuchelewesha. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa mchana, na miaka mingi ya kupikiwa na wengine. Njoo Ijumaa yoyote, ukae, ule.