Springi Mbili, Keria Hakuna

Ndani ya basi baiskeli ilisimama kati ya viti, na mwenyewe ameushika usukani kama anayemshikilia mgonjwa. Mama aliyeketi kando yake, fundi cherehani kwa jinsi futi ilivyomning'inia shingoni, aliitazama kisha akauliza, "Kaka, springi mbele na nyuma, unaenda mashindano?"

"Ni ya kupelekea mayai sokoni," alijibu yule bwana. "Mke wangu anafuga kuku, na njia yetu ni mawe matupu. Hela yetu ilitosha baiskeli moja ya mtumba. Kulikuwa na ya springi ya mbele tu, lakini mayai si yanakaa nyuma?"

"Nyuma wapi?"

Kwenye kiti cha mbele yao, niligeuka kutazama, ingawa sikuulizwa mimi. Nyuma ya kiti palikuwa na springi, tairi na hewa.

"Fundi atachomelea keria ya kuwekea trei," alisema bwana.

"Achomelee kwenye kitu kinachochezacheza? Wifi atakuchinja wewe, awaache kuku."

"Basi nitayabeba mgongoni."

"Mgongo wako ndio springi ya tatu!"

Abiria walicheka, nami nikacheka. Kisha nikamsikia akisema chinichini, "Ile nyingine ilikuwa na keria," nikajifanya nakohoa.

Basi liliposimama, mwanamke alikuwa akingoja kituoni na kamba mpya ya mpira ya kufungia mizigo mkononi. Bwana akaishusha baiskeli, akamwelekezea gurudumu la mbele.

"Nzuri jamani!" alisema mkewe. "Hebu igeuze nione nyuma."