Ripoti Kumi na Nne

Ndani ya tramu namba tano jijini Sofia, Bi Stoyanka alikuwa amepakata mtungi wa pilipili za siki, akijifanya anatazama dirishani. Masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Nilichoka tu, Tsvetan," Radomir alikuwa akimwambia rafiki yake. "Miaka tisa natengeneza programu ya bure ya kuendeshea treni za kuchezea. Nikamwachia Lyuben, nikaondoka zangu. Basi."

"Acha hizo, bwana! Uliondoka siku watu walipomshukuru Lyuben, wewe wakakusahau."

"Walimwita fundi! Nani alimfundisha? Si mimi?"

Bi Stoyanka aliona shingo ya Radomir imeiva kwa wekundu kuliko pilipili zake.

"Kwa hiyo sasa huiangalii kabisa?"

"Hata kidogo." Kisha akashusha sauti, na bibi akasogeza sikio. "Ila huwa namtumia ripoti za makosa ya programu, hadharani mtandaoni, kwa jina la bandia. Kumi na nne mpaka jana. Watu waone kwamba hajui kazi."

"Naye anafanyaje?"

"Anarekebisha," alisema Radomir kwa uchungu. "Yote. Siku hiyohiyo."

Tramu ikaanza kupunguza mwendo, na simu ya Radomir ikalia. Lyuben alikuwa amejibu ripoti. Tsvetan akaipokonya, akasoma kwa sauti: "Asante sana, mgeni wetu. Karibu tufanye kazi pamoja. Una jicho kali kuliko hata Radomir aliyenifundisha."

Tsvetan akaangua kicheko. Radomir hakucheka.

"Kuliko mimi?" alifoka, na milango ikafunguka.