Miaka Mitatu Katika Kikapu cha Maombi

Sifa zimrudie Mungu aliyetutoa Kivu ya Kusini, Kongo, mwaka 1996 tukiwa na miguu tu, akatufikisha hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akatupa shamba la mahindi na nyumba ya udongo. Yeye ni mvumilivu. Angekuwa na haraka kama sisi, leo nisingesimama mbele yenu.

Ndugu zangu, mnanijua. Nimeongoza wamama wa maombi miaka mingi. Wengine wenu mmefunga pamoja nami siku tatu kavu, bila hata maji. Leo sikuja kuongoza. Nimekuja kusema nilivyoanguka, na nimechoka, basi mnivumilie nikienda polepole. Majina sitayataja.

Mwaka 2004 mwanangu wa kwanza alioa. Binti alikuwa mpole, mchapakazi. Mwezi wa kwanza tu nikaona jambo. Siku zake zilipofika, aliacha jembe katikati ya maharage akajikunja chini kama mtu aliyepigwa. Nilipomuuliza akasema, "Mama, iko hivi tangu nikiwa mtoto wa miaka kumi na tatu. Tumbo inanikata, mugongo inanikata. Nikienda choo kubwa nasikia kisu."

Nilimjibu kama mama yangu alivyonijibu mimi: "Ukizaa, itaisha."

Hakuzaa, na haikuisha. Mwaka wa tatu wa ndoa, baba wadogo wa mwanangu walianza kuja nyumbani. Marehemu mume wangu hakuwepo wa kuwajibu. "Mvua ilinyesha, shamba lililimwa," mmoja alisema huku mkwe wangu akimwekea chai, "mbona hatuoni hata jani?" Walitaka arudishwe kwao. Niliwaambia wangoje. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa ni roho chafu. Kitu kinachokuja kila mwezi na tarehe yake, nilisema, si ugonjwa. Malaria haina kalenda.

Wakati huo muuguzi wa kituo cha afya alimwandikia karatasi ya kwenda hospitali Mbarara, apigwe picha ya tumbo. Mkwe wangu aliniletea karatasi ile kwa mikono miwili, maana hakuwa na ruhusa ya kusafiri bila neno langu. Katika chumba chetu cha maombi kulikuwa na kikapu. Mtu mwenye shida aliiandika, akaitia humo. Nikaitia karatasi ya hospitali kikapuni. Tukaiwekea mikono, nikatangaza, "Hii imeshafika kwa Daktari mkubwa." Wote wakaitika amina. Ndugu zangu, nawaambia, amina ile ilidumu miaka mitatu.

Kila mwezi maumivu yalipoanza, nilimfanya afunge kula. Siku moja nilimkuta anameza kidonge. Nikamwambia, "Unameza dawa huku sisi tunaomba? Unamwambia Mungu nini?" Hakumeza tena mbele yangu.

Mwaka 2010, siku ya tatu ya mfungo, alianguka chumbani akazimia. Tulipommwagia maji alifumbua macho. Hakulia. "Mama," alisema, "sikatai maombi. Lakini naomba karatasi yangu."

Niliikuta chini kabisa ya kikapu. Mende walikuwa wamekula pembe moja.

Tulilala Ruti, pembeni mwa Mbarara, kwa dada mmoja wa imani, asubuhi tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mama kijana. Muuguzi aliyetutafsiria, Mnyankole wa huko huko Mbarara, alijifunza Kiswahili katika kambi ya jeshi kwa mume wake askari. Picha ikaonyesha uvimbe pande zote mbili, mahali mayai ya mwanamke yanapokaa. Daktari aliuita ugonjwa ule endometriosisi. Nilihitaji wiki nzima kulitamka neno hilo.

"Sikiliza, mama," muuguzi akasema. "Nyama kama ile ya ndani ya kizazi imeota inje, pahali haitakiwi. Kila mwezi inatoa damu, na hiyo damu haina njia. Inakaa pale, inashikanisha matumbo."

"Atazaa?" nikauliza. Ndilo nililolijia, kusema kweli.

"Mayai ya mwanamuke hapana kama ya kuku, leo anataga, kesho anatengeneza ingine. Mungu anakupa yote ungali tumboni kwa mama yako. Yanapunguka tu. Sasa hii uvimbe inakula akiba. Na kisu ya daktari ikitoa uvimbe, inaweza toa mayai kidogo pia." Daktari alikuwa amehesabu yaliyoonekana kwenye picha. Yalikuwa machache kwa umri wake.

Kisha daktari akasoma tarehe ya karatasi, akasema neno. Muuguzi akatafsiri: "Anauliza, miaka tatu hii karatasi ilikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu akajibu, "Tulikosa nauli." Alikuwa anatazama sakafu.

Nilisimamia mifungo mingi, ndugu zangu, lakini sikuwahi kuwa na njaa kama saa ile. Yule niliyemnyima dawa alikuwa ananifunika aibu. Nikasema, "Si nauli. Karatasi ilikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyeizuia." Muuguzi akatafsiri. Daktari hakunigombeza. Alisema tu tuendelee.

Nje, kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Mama, ningekuanika mbele ya batu?" akasema. "Lakini tukifika nyumbani, uwaambie baba wadogo vile umemwambia daktari. Banasema mimi ni kisima kavu."

Aliambiwa achague: kujaribu kwanza kupata mimba, au kupasuliwa. Alisema amechoka kuumwa. Akapasuliwa, mwanangu akiwa mlangoni.

Nami nikawaita baba wadogo, nikawaambia yote. Mkubwa wao akacheka: "Kumbe mama wa maombi ndiye mchawi wetu!" Neno hilo lilinistahili. Mwanangu akasema, "Baba mdogo, chai iko, kunywa. Lakini mke wangu haendi popote." Neno la kumrudisha kwao likafa siku hiyo.

Najua mnangoja niseme amezaa. Hajazaa. Sasa ni mwaka 2015, na hajazaa. Daktari hakusema haiwezekani, alisema akiba ni ndogo. Nilimuuliza kama miaka ile mitatu ndiyo ingetupa mtoto, akasema hakuna anayeweza kujua. Hilo ndilo ninalolala nalo. Lakini maumivu yamepungua sana. Analima siku zote za mwezi, na siku mbaya anameza dawa yake mbele yangu, mimi ndiye ninayempa maji.

Namshukuru dada wa Ruti, daktari, na yule muuguzi. Namshukuru mwanangu. Mkwe wangu nilimpigia magoti nyumbani, akaniinua kabla magoti hayajafika chini.

Ninyi wamama, binti akijikunja kila mwezi, msimwambie avumilie. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo, na mwombe mkiwa njiani. Mungu anasikia barabarani pia.

Na wewe unayenisikia, au utakayesoma maneno haya nikiwa nimekwenda, Bwana akupe sikio jepesi kwa anayeumwa ndani ya nyumba yako, na akupe neema ya kusema "ni mimi" mapema kuliko mimi.