Glenys Pybus, Aliyeifundisha Simu Kupongeza

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu ya kazi, Glenys Pybus anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Mkuu wa arifa, yaani jumbe fupi zinazotokea kwenye simu, wa kwanza na wa pekee ambaye kampuni hii imewahi kuwa naye, anatuachia kiti, birika la chai na kabati zima la maandishi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyasoma, maana mwandiko wake ni balaa.

Alijiunga nasi hapa kisiwani kwetu, mjini Launceston, tarehe 4 Machi 1996, akiwa karani wa simu. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu waliobadilishiwa nyonga au goti na kuwauliza kama wamefanya mazoezi. Waliofanya aliwapongeza. Waliodanganya aliwajua kwa sauti, na aliwapigia tena baada ya chakula cha mchana. Mwaka 2017 tulipotengeneza Hatua, programu ya simu ya kumsindikiza mgonjwa kwa majuma kumi na mawili ya mazoezi, yeye ndiye aliyestahili kusanifu arifa za pongezi. Hakupewa nafasi. Mtu mmoja mwenye haraka zake alinunua arifa zilizotengenezwa tayari ng'ambo, zenye tarumbeta, fataki na maneno makubwa makubwa. Mtu huyo ni mimi ninayeandika haya, na Glenys ameniahidi kunisamehe akishastaafu.

Kufikia Mei 2018, wagonjwa saba kati ya kumi walikuwa wanaiacha Hatua kabla ya juma la tano. Nyonga isiyofanyiwa mazoezi hukakamaa, na watu wale walikuwa wanarudi kwenye magongo. Hospitali iliyotupatia kazi ikatuwekea kikomo: hadi mwisho wa Oktoba nusu ya wagonjwa wawe wanamaliza majuma yote, la sivyo mkataba unakwisha, nasi kumi na wanne tukatafute kazi kwingine.

Sisi tulikuwa tunaongeza fataki. Glenys alichukua gari lake akaenda kuwatembelea waliotukimbia. Kelvin Direen, mfugaji wa kondoo wa Campbell Town, alimkaribisha jikoni na hakumficha kitu.

"Nilikuwa baa na wenzangu, simu nimeiweka mezani," alimwambia. "Ghafla matarumbeta! Simu inatangaza, Kelvin, wewe ni shujaa! Kisa? Nimeinua mguu mara kumi. Tangu siku hiyo nikienda msalani baa nzima inasimama: mpisheni shujaa, jamani, asije akajikwaa! Hiyo takataka nimeifuta, Glenys, na usinibembeleze."

Alizunguka nyumba ishirini na tatu, na kila jiko lilimpa jibu hilohilo kwa namna yake. Sote tumekulia kisiwani hapa. Tunajua kwamba mtu wa kwetu akisifiwa mbele za watu hutamani ardhi ipasuke, na kwamba baba akikuambia "si mbaya" umeshapewa nishani. Tulijua, na bado tukawapigia wenzetu tarumbeta. Kosa la kijinga kuliko hilo sijawahi kulifanya.

Glenys alirudi na kanuni moja: kila arifa isomwe kwa sauti, umesimama, ukimtazama mwenzako machoni. Anayeisoma akiona haya, arifa inakwenda kwenye pipa. Siku ya kwanza tulitupa mia moja na kumi na mbili. Meneja wetu wa wakati huo, Rohan Fysh, alijaribu kuitetea "Wewe ni nyota inayong'aa", akafika katikati akaanza kukohoa. Fataki zikaondolewa, sauti ikazimwa. Simu ikawa inatetemeka mara moja tu, mazoezi yakishakwisha, na kilichoandikwa kilikuwa cha kweli, kama hiki alichopata mgonjwa mmoja: "Juma lililopita ngazi tatu. Leo tisa. Si mbaya, Noeline."

Tarehe 31 Oktoba hospitali ilituletea majibu. Wagonjwa sabini na wanne kwa kila mia walikuwa wanamaliza! Tulipiga kelele hadi watu wa duka la mikate, chini yetu, wakapanda kuuliza kulikoni. Glenys alipiga kelele kuliko wote, kisha akauliza: "Na Kelvin je?"

Kelvin hakuwamo. Alikuwa anatembea kwa gongo, na kondoo wake wanachungwa na jirani. Hapo Glenys akaona pengo letu: hatukuwa na arifa hata moja ya mtu aliyeacha kisha akarudi. Rohan alisema mtoro hapongezwi.

"Rohan, kuanza ni rahisi, unaanza hujui maumivu," Glenys alimjibu mbele yetu sote. "Anayerudi anayajua, na bado anarudi. Mimi nitampongeza nani kama si huyo?"

Arifa ikaandikwa. Glenys alimpigia Kelvin kila Jumatano, akatukanwa mara mbili, akaendelea kupiga. Januari 2019 Kelvin aliirudisha Hatua kwenye simu yake, akafanya zoezi la kwanza, na simu ikatetemeka: "Umerudi. Hilo ndilo gumu." Aprili alimaliza juma la kumi na mbili.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake, na tunajivunia kuishuhudia. Hadi leo watu elfu sita na mia mbili wameacha, wamerudi, na wamemaliza. Ukipishana nao mitaani huwatambui, maana wanatembea kama watu wengine.

Glenys, tunakushukuru kwa moyo wote. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na furaha tele. Ijumaa, saa tisa alasiri, Kelvin Direen atakuwepo. Ana miaka sabini na minane na amekataa katakata kutoa hotuba. Anasema atapanda ngazi zetu zote thelathini na nne, achukue masanduku yako, na akubebee hadi kwenye gari.