Mshauri Anayestaafu Kabla ya Kesi Kusikilizwa

Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, mshauri wetu anastaafu. Wanafunzi humwita Bi Sitaki, kwa kuwa neno la kwanza alilowafundisha wageni wote, kabla hata ya kuwaonyesha maktaba, ni "sitaki". Aliwasimamisha ukumbini walitamke kwa sauti, na wakuu wa idara akawasimamisha pia. Mkuu wa Uhandisi alilitamka kwa aibu kama bwana harusi, tukacheka hadi machozi.

Chumbani mwake hakukuwa na cha kuchekesha. Wengi walifika wakisema kichwa kinauma. Aliwapa kiti kilicho karibu na mlango, ili anayetaka kuondoka aondoke, akachemsha chai, akawamiminia. Ndipo wakawataja waliowashika kwa nguvu: mwenye nyumba aliyejifungulia mlango kwa ufunguo wa akiba, msimamizi wa maabara, rafiki wa kaka. Wanafunzi hao walikuwa wameficha wakihofia kufutiwa kibali cha kuishi nchini.

Mwanzoni alikosea, na hakuwahi kulificha kosa hilo. Binti wa mwaka wa kwanza alihitaji mkalimani ili amshtaki mwanafunzi mwenzake, naye akamwita mwanafunzi wa kutoka nchi ileile. Kumbe mkalimani ni swahiba wa mtuhumiwa. Kabla jua halijazama habari ilishawafikia wazazi, imepinduliwa, binti ndiye mwenye makosa. Alirudi kwao bila kufanya mitihani. Mtuhumiwa alihitimu, na ukumbi ukampigia makofi.

Tangu hapo mkalimani hutafutwa nje ya chuo. Na anayesikia kisa kwanza ndiye anayeongozana na mwanafunzi hospitalini, polisi na kwenye kikao, ili asilazimike kulitonesha upya jeraha lake mbele ya kila meza.

Ndiyo maana kustaafu huku kunatuuma. Jumatatu, kamati ya nidhamu itamsikiliza mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyemshtaki mhadhiri wake. Kanuni inataka anayeingia naye awe mtumishi wa chuo au ndugu, na siku hiyo Bi Sitaki si mtumishi tena. Tuliomba kikao kifanyike kabla ya Ijumaa, ombi likagonga mwamba. Binti huyo akasema bila mama huyu haingii, kesi na ife.

Juzi katibu wa kamati alimuuliza binti kama ana ndugu yeyote hapa nchini. Akajibu anaye, mama yake mdogo, akamwonyesha Bi Sitaki aliyeketi kando yake. Wawili hawa hawana nchi moja, lugha moja wala damu moja. Katibu alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaandika: mama mdogo.

Kama kamati itamwamini, hatujui. Tumeshaona mengi, na mengi yalituvunja moyo.

Asante, Bi Sitaki, kwa wote uliokaa nao. Tunakutakia mapumziko mema ya Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi utaandikishwa getini kama mgeni, na mwanao atakuwa anakusubiri.