Mwalimu Nestory Bertolini Maige (1943–1999) na Jina Alilopewa kwa Shukrani

Mpendwa wetu Mwalimu Nestory Bertolini Maige, ambaye leo tunamrudisha katika ardhi ya Misungwi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1943 katika hospitali ya misheni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Maige na Bibi Minza. Wawili waliomtangulia hawakuuona mwanga wa dunia, na yeye naye alikuwa njiani kuwafuata. Masika yalikuwa yamekata njia, na uchungu ulikuwa umemshika mama yake tangu jana yake. Wakati huo Mzee Maige alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa daraja, ambako Waingereza walikuwa wameleta pia mateka wa vita kutoka Italia. Mwashi mmoja kati ya mateka hao, aliyeitwa Bertolini, alipopata habari hiyo alichukua lori la mchanga bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, akampakia mama pamoja na mumewe na kuwafikisha hospitali adhuhuri. Mtoto akazaliwa salama. Mwashi yule akaadhibiwa kuponda kokoto mwezi mzima. Mzee Maige hakuwa na ng’ombe wa kumpa asante. Akampa alichokuwa nacho: akamwita mwanawe kwa jina lake.

Marehemu alianza shule ya msingi Misungwi mwaka 1952. Siku ya kwanza mwalimu alipouliza majina, mtoto akasema kwa ulimi wa nyumbani, “Beltorini.”

“Hilo ni jina au dawa ya macho?” mwalimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

“Ni jina la mtu aliyempeleka mama hospitali,” akajibu, akakaa.

Aliendelea na shule ya kati, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, alikohitimu mwaka 1964. Lakini jina hilo lilikuwa na miiba yake. Wako waliosema, na wengine hawakusubiri hata Bibi Minza apite, kwamba mtu hapewi jina la Mzungu bure. Mzee Maige aliwajibu kwa maneno machache mpaka alipofariki: mtoto ni wangu, jina ni shukrani. Bibi Minza yeye hakujibu kitu. Alinyamaza kwa miaka hamsini.

Mwalimu alifundisha Misungwi, na kuanzia mwaka 1976 akafundisha jiografia na historia kule mjini, Kirumba, hadi alipostaafu. Wanafunzi wake hawawezi kusahau habari za “ndugu wa jina”. Kila aliposikia redioni au kuona katika magazeti ya zamani ya mapadre kwamba yuko Bertolini fulani aliyefanya jambo, aliwaeleza darasani na nyumbani wakati wa kula. Palikuwa na Bertolini mwendesha baiskeli aliyepanda milima ya theluji, Bertolini mwimbaji wa kanisani, Bertolini daktari wa macho, na Bertolini mwanamke aliyechunguza milima ya moto. Palikuwa pia na mwanasiasa aliyefungwa kwa rushwa. “Huyo tumwombee,” Mwalimu alisema, “kila ukoo una wake.” Wanafunzi walipomuuliza kama watu hao wanamfahamu, alicheka hadi mabega yakatikisika. “Hawanijui. Lakini mmoja wao akifanya vizuri, mimi huku Kirumba natembea kifua mbele.”

Alifunga ndoa na Bi. Sabina tarehe 18 Juni 1969, na Mungu akawajalia watoto watatu: Rebeka, Masele na Tereza, ambao wote wanalitumia jina la Bertolini. Miaka ya ruksa ilipoingia na biashara ikafunguliwa, mji ulijaa mitumba, maduka na viwanda vya minofu ya sangara, lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa ukiisha kabla haujafika nyumbani. Bi. Sabina akaanza kukaanga na kuuza mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, pale karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mwalimu alimsaidia kubeba kuni kila alfajiri kabla ya kwenda shule, akiwa amevaa tai. Aliyemcheka, alimpa shikamoo au marahaba kulingana na umri wake, akapita.

Jumamosi moja ya Julai 1994 gari la kiwanda lilisimama mbele ya nyumba. Dereva wake, Bwana Chenge, alikuwa amemleta mama mmoja wa Kizungu aliyekuja nchini kama mkalimani wa wanunuzi wa samaki. Alikuwa amemwambia njiani kwamba Kirumba kuna mwalimu mwenye jina kama lake. Mama huyo ni Luisa Bertolini. Alitoa picha ya baba yake, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kuiona sura ya mtu yule, akaishika kwa mikono miwili.

Luisa alieleza kwa Kiingereza kwamba baba yake alirudi kutoka vitani akiwa mtu wa kimya. Ilikuwa ikitajwa Tanganyika, anainuka mezani. Mama yake alikufa akiamini kwamba mumewe aliacha mtoto Afrika, na kwamba moyo wake ulibaki kwa mtoto huyo.

“Kama wewe ni kaka yangu, niambie,” alisema. “Nyumba ya baba bado ipo. Una sehemu yako. Watoto wako wanaweza kuja kusoma.”

Uani majirani walikuwa wamejaa. Jirani yake, Mzee Luhaga, alimnong’oneza kwa Kisukuma: “Kubali tu, Mwalimu! Mungu kakufungulia mlango, wewe unauliza nani kagonga?”

Mwalimu alimtazama mkewe, ambaye mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto. Bi. Sabina anasema hajawahi kumwona mumewe akichelewa kujibu kama siku ile. Kisha akasema, “Dada, mimi ni mtoto wa Maige. Baba yako alinipa uhai na jina, hakunipa damu. Nikikubali leo nitakuwa nimemtukana mama yangu, naye bado yu hai. Twende kwake, akueleze mwenyewe.”

Kesho yake walikwenda Misungwi. Bibi Minza alisikiliza, akaitazama picha, akamtambua mwashi yule, kisha akazungumza, na Mwalimu akawa anatafsiri.

“Alikuwa analia huku anaendesha,” alisema Bibi Minza. “Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu, yeye ndiye aliyelia. Maige akamuuliza, ‘Bwana, nini?’ Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ‘Mimi mtoto moja. Mwanamke. Nazaliwa, mimi hapana ona. Huyu, mimi lazima ona.’ Alikaa mlangoni pa hospitali mpaka wakamwonyesha huyu mwanangu. Ndipo akarudisha lori, akakamatwa.”

Luisa alizaliwa mwaka 1940, baba yake akiwa Ethiopia. Hakuwa na ndugu. Mwalimu alipomaliza kutafsiri, yule mgeni akapiga magoti mbele ya Bibi Minza akalia kama mtoto. Bibi akamfuta uso kwa kanga yake, akasema, “Basi mwanangu, basi. Alikuwa anakulilia wewe.” Habari hizo zilienea Misungwi kabla jua halijatua. Wapo waliokuja kumwomba Bibi Minza msamaha, nao aliwakaribisha uji. Alifariki kwa amani mwaka 1996.

Mwalimu alianza kuugua kisukari mwaka 1997, na baadaye figo zikadhoofika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na jumuiya iliyosali naye kila Alhamisi. Luisa alikuja kumuuguza mwezi Novemba mwaka jana. Muuguzi alipouliza huyu ni ndugu yako wa nini, Mwalimu alijibu, “Tulizaliwa kwa machozi ya mtu mmoja,” kisha akaomba chai isiyo na sukari, akilalamika kama kawaida yake. Alituaga nyumbani kwake Kirumba asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Machi 1999, Bi. Sabina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Sabina, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wao akiitwa Minza, na dada yake wa jina, Luisa, ambaye hakuweza kufika. Jana alipiga simu akamwomba Masele atupe kaburini udongo mara mbili zaidi, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya baba yake. Masele atafanya hivyo sasa hivi, kabla yetu sisi wengine.

Mungu aliyemfikisha salama siku ile ya mvua amfikishe salama na leo. Pumzika kwa amani, Mwalimu.