Salvatory Anselim Libenanga, Fundi Aliyeuhamishia Umeme wa Jua Mashambani

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani, poleni kwa msiba. Wengi mmeacha palizi huko mashambani ili mje kumzika kaka yangu, na familia inawashukuru. Mimi ni Agnetha, mdogo wake, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Salvatory alizaliwa tarehe 9 Machi 1972 huko Chita, mtoto wa kwanza wa mzee Anselim Libenanga na mama Katarina. Kama watoto wengi wa bondeni, nusu ya utoto wake aliimalizia kwenye dungu, kile kibanda cha nguzo cha shambani, akiamia ndege wasimalize mpunga. Alikuwa na sauti kubwa ya kufukuzia ndege, na hakuipunguza hata alipokuwa mtu mzima. Majirani zake wa Lumemo, hapa Ifakara, ni mashahidi.

Alisoma shule ya msingi hapo Chita na kumaliza darasa la saba mwaka 1987. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, jambo lililomuuma sana. Mwaka 1990 baba alimpeleka Morogoro kujifunza ufundi umeme, kisha akarudi Ifakara kufunga nyaya kwenye nyumba na maduka. Hapa hapa Ifakara, tarehe 17 Oktoba 1998, alifunga ndoa na Marsiana. Wifi yangu alimpenda na kumgombeza bila kuchoka, na kaka alihitaji vyote viwili.

Mwaka 2018 aliajiriwa na mradi mmoja wa umeme wa jua, uliokuja kusaidia vijiji ambavyo nguzo za umeme zilikuwa hazijavifikia. Kuanzia Agosti alizunguka Chita na vijiji jirani akifunga paneli juu ya mapaa, nati akizikaza mpaka mwisho. Alifurahi mno, kwa kuwa alikuwa anawapelekea taa watu wa kwao. Januari aliporudi kukagua, alikuta milango imefungwa kwa kufuli na taa zinawaka, watu hakuna. Kijiji kilikuwa kimehamia mashambani mpaka mavuno, kama kila mwaka. Yeye, mtoto wa dungu, alikuwa amesahau kabisa. Mama yetu alimcheka mpaka akakaa chini.

"Salva mwanangu," alimwambia, "umewawashia panya?"

Kaka naye alicheka, halafu akapanda mapaa kwa ruhusa ya wenyewe na kuzifungua paneli zote. Alizivusha kwa mtumbwi mpaka mashambani, akazifunga kwenye nguzo ambazo familia ingeweza kuzing'oa na kurudi nazo nyumbani baada ya mavuno. Wakubwa wa mradi walikasirika. Mkataba ulisema paneli ikae juu ya paa la nyumba iliyoandikishwa, basi. Wakampa wiki moja azirudishe, la sivyo kazi hana.

"Wakuu, watu wanalala kule," aliwajibu. "Taa nayo ikae kule."

Kazi yake iliishia hapo. Paneli hazikuguswa, maana mvua ilikuwa imeshakata njia, na maji yalipopungua mradi wenyewe ulikuwa umefunga ofisi.

Nyumbani kwake hali ikawa ngumu. Gosbert, mtoto wao mkubwa, ilibidi asimame chuo kwa miaka miwili. Kwenye kikao cha familia wifi alisema mbele yetu sote, "Baba Gosbert, umewapa watu taa, wanao umewaacha gizani." Baadaye kaka alifungua kibanda Lumemo, akitengeneza betri za sola na kuunda taa za kubebeka kwa ajili ya wakulima na wavuvi. Taratibu riziki ikapatikana, na Gosbert akarudi chuo.

Aprili mwaka jana, 2024, kaka na wifi wakiwa shambani, maji yalijaa bondeni na dungu lao likabaki kisiwani. Asubuhi moja kaka alianguka, akapooza upande wa kulia. Wifi alimpigia simu Gosbert, Gosbert akatafuta boti, na mgonjwa akafikishwa hospitali hapa Ifakara akiwa hai. Simu ile ilikuwa na chaji kwa sababu ya paneli ya hapo dunguni, moja ya zile alizozihamisha. Madaktari walimhudumia vizuri, akapata nafuu, akatembea kwa fimbo na kuendelea kuwakaripia wateja wanaolowesha betri. Mwishoni mwa Januari kiharusi kilimrudia. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025.

Marehemu ameacha mama yetu Katarina, mjane Marsiana, watoto watatu, Gosbert, Donati na Eufrasia, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake, Faustino na mimi.

Wifi ameshindwa kusimama. Ameniomba niseme kwa niaba yake, na niseme hapa hadharani, kwa kuwa yale ya kwanza pia aliyasema mbele za watu: "Baba Gosbert, nilikulaumu kwa ajili ya paneli za shambani. Paneli hizo hizo zimenipa miezi tisa zaidi ya kukaa na wewe. Ulifanya sawa. Nilitakiwa nikwambie ukiwa bado unanisikia."

Kaka Salva, Mungu akupe pumziko lenye amani.